Radi Imepiga, Mnyama Hajafa

Jumapili moja ya mwaka 2018, jioni, tukicheza mchezo wa kadi kwenye kibaraza cha duka langu la kutoa kopi hapa Nyegezi, Mwanza, nilimpiga radi mnyama wa fundi simu. Radi yenyewe inaumiza kwa 3. Mnyama alikuwa 2/3: namba ya kushoto ni ya kupiga, ya kulia ni ya kustahimili. Tatu kwa tatu, kwisha habari. Nilinyoosha mkono nimtoe mezani mimi mwenyewe, binamu yangu akaniwahi.

“Dada, mwache hapo. Huyo hajafa.”

Nilikasirika kweli. Radi ile nilikuwa nimeitunza mkononi mizunguko minne. Nilikubali kupigwa na mnyama huyohuyo mara mbili, nikisubiri awe wa kiasi ninachokimudu. Nikamwambia binamu kwamba tatu haigeuki kuwa pungufu ya tatu kwa sababu tu kadi ni zake. Fundi simu, mwenye mnyama, naye alikuwa upande wangu. Alishaanza kumsogeza kaburini, yaani kwenye fungu la kadi zilizokwisha kutumika au kufa. Mwalimu wa fizikia peke yake ndiye hakusema neno. Alichukua simu, akafungua kitabu cha sheria, akasoma mpaka mbu wakaanza kutoka. Siku hiyo nilifunga duka bila kuwaaga vizuri, na ilinichukua siku tatu kukubali kwamba binamu alikuwa sahihi.

Tangu hapo naucheza mchezo huu kwa namna nyingine kabisa. Nimekuwa nikitaka kuieleza kwa Kiswahili kwa muda mrefu, kwa sababu kila ninapomfundisha mtu mpya, anakwama palepale nilipokwama mimi.

Mchezo ni Magic: The Gathering. Uliingia sokoni Marekani mwaka 1993, na aliyeubuni ni Richard Garfield, mwanahisabati. Binamu yangu alirudi nao kutoka masomoni Malaysia, kadi kama mia mbili ndani ya boksi la viatu. Kila mchezaji ana uhai 20 na kadi zake mwenyewe zisizopungua 60, alizozichagua nyumbani. Hakuna karata za wote katikati kama kwenye lasti kadi. Ukiacha ardhi za kawaida, kadi moja haizidi nakala 4. Ardhi zinakupa mana, mana inalipia viumbe na uchawi, na viumbe wanashambulia mpaka uhai wa mwenzako uishe. Ardhi au kiumbe akishatumika unamlaza ubavu, na zamu yako ikirudi unamwinua. Hapo umeshajua robo tatu ya mchezo.

Kadi mia mbili hazikutosha watu wanne, basi duka likasaidia. Nina printa ya rangi, karatasi ngumu na kisu cha kukatia vitambulisho. Tulichapa nakala za kuchezea hapahapa kibarazani, tukazitia kwenye plastiki, na nyuma ya kila nakala tukaweka karata ya kawaida, shupaza au kopa, ili zichanganyike vizuri bila kukunjika. Hatuziuzi wala hatuingii nazo kwenye mashindano. Kwa mtu wa Mwanza anayetaka kujifunza, hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza. Umeme ukikatika, mchezo unaendelea.

Kilichonishinda mwanzoni ni rundo. Nikitoa radi, haipigi hapohapo. Inakaa kwanza kwenye rundo, mwenzangu anapewa nafasi ya kujibu. Akijibu, jibu lake linalala juu ya radi yangu, nami napewa nafasi ya kulijibu jibu lake. Tukinyamaza wote, kilicho juu kabisa ndicho kinachotekelezwa, halafu tunaulizana tena kuhusu kilichobaki. La mwisho kuingia ndilo la kwanza kutoka, kama sahani za mama ntilie. Sisi hapa tuna namna moja ya kuulizana. Anayetoa kadi anasema, “Kuna mwenye la kusema?” Mpaka wote wakae kimya, hakuna kinachotokea.

Chukua dubu wa mwalimu wa fizikia. Grizzly Bears, kadi ya tangu 1993, mana 2, ni 2/2, hana kipaji chochote. Mwalimu pia ana Giant Growth, mana moja ya kijani, inayompa kiumbe +3/+3 mpaka mwisho wa zamu. Nikimpiga dubu kwa Lightning Bolt, mwalimu anajibu kwa Giant Growth. Hiyo iko juu, inatekelezwa kwanza, dubu anakuwa 5/5, kisha radi yangu ya 3 inamkuta mkubwa. Radi imepotea bure. Sasa geuza. Mwalimu akianza yeye kumkuza dubu, mimi ndiye ninayejibu kwa radi. Radi iko juu, inamkuta bado ni 2/2, inamuua, na Giant Growth inakosa wa kumkuza. Kadi ni zilezile mbili na mana ni ileile. Aliyetangulia ndiye aliyepoteza.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alilipinga jambo hili kwa nguvu zote. Amevua dagaa miaka mingi, na Jumapili hupita dukani akitoka kucheza bao.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, ng'wanawane. Leo tena mnagombania makaratasi?”

Alikaa, akatazama mchezo mzima, kisha akasema mchezo huu hauna adabu. Kwenye bao, alisema, nikishaanza kusambaza kete nasambaza mpaka nilale, na hakuna mtu anayetia mkono shimoni katikati ya mtaji wangu. Nyie mnaruhusu vipi mwenzako akuingilie wakati umeshacheza?

Ni swali zuri na nilikaa nalo muda mrefu. Bao lina mashimo 32 na kete 64 na kila kitu kiko wazi. Bingwa anahesabu mbele kwa sababu anajua hataingiliwa. Kwenye mchezo wetu kadi zimefichwa mkononi, na nafasi ya kujibu ndiyo inayozipa uzito. Kiumbe wa 2/2 anayenishambulia huku mwenye dubu ana ardhi moja ya kijani haijalazwa si 2/2 tena machoni pangu. Anaweza kuwa 5/5. Nisipomzuia naumia kwa 2, nikimzuia labda napoteza mzuiaji wangu. Mwalimu ameshinda michezo mingi kwa ardhi moja iliyosimama na mkono ambao haukuwa na chochote.

Mjomba mwenyewe ndiye aliyenipa mfano ninaoutumia mpaka leo kufundisha kusubiri. Dagaa wanavuliwa kwa taa, giza la mwezi. Taa inatangulia, nyavu zinafuata. “Ukitupa nyavu kabla hawajajaa kwenye mwanga,” alisema, “umevua maji.”

Narudi kwa mnyama wa fundi simu.

Kitabu cha sheria cha mchezo huu kinapatikana bure mtandaoni na kina zaidi ya kurasa 250. Mwalimu alinitumia namba mbili tu kwa ujumbe: 608 na 704. Ya kwanza inaeleza jinsi uchawi unavyotekelezwa, hatua kwa hatua, na hatua ya mwisho kabisa kwa kadi kama radi ni kadi yenyewe kwenda kaburini. Ya pili inaeleza nani anakufa, na lini. Kiumbe ambaye majeraha yake yamefikia namba yake ya kustahimili anaangamizwa, hapo nilikuwa sahihi. Lakini haangamizwi pale anapopigwa. Anaangamizwa pale mchezo unapojikagua, nao haujikagui uchawi ukiwa katikati ya kutekelezwa. Unajikagua pale tu mchezaji anapokaribia kupewa nafasi ya kusema.

Ukaguzi huo sisi tumeupa jina kama mtu: Mkaguzi. Wauza samaki wa Mwaloni kule Kirumba wataelewa upesi. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, na hilo ni kweli tangu yuko majini. Lakini kesi inaanza rula ya afisa uvuvi inapolala juu yake. Mkaguzi wetu yuko hivyo. Akipita anawatazama wote kwa pamoja, anawaondoa wanaostahili wote kwa mara moja, halafu anarudi kutazama upya, na anaendelea kurudi mpaka asikute kosa. Hakuna anayemjibu. Kazi yake haiingii kwenye rundo.

Mnyama wa fundi simu ni Tarmogoyf, kadi ya mwaka 2007, mana 2 tu. Nguvu yake ni idadi ya aina za kadi zilizomo makaburini mwa wachezaji wote, na ustahimilivu wake ni idadi hiyo ukiongeza 1. (Jambo dogo ninalolipenda: maelezo kwenye kadi hiyo yaliorodhesha aina za kadi, ikiwemo planeswalker, ambayo ilikuwa bado haijatolewa. Ilikuja kutoka baadaye mwaka huohuo.) Jioni ile makaburini mlikuwa na aina mbili, ardhi na kiumbe. Ndiyo maana alikuwa 2/3. Radi yangu ikamfika, akapata majeraha 3. Mkaguzi bado. Radi ikamaliza kazi yake, ikaenda kaburini. Radi ni kadi ya papo kwa papo, aina ambayo haikuwemo humo. Aina zikawa tatu, mnyama akawa 3/4. Hapo ndipo Mkaguzi alipopita, akamkuta ana majeraha 3 na uwezo wa kustahimili 4, akamruka.

Radi yangu ndiyo iliyomlisha.

Wachezaji wa zamani watasema kisa hiki kinajulikana. Kinajulikana, lakini nimeona watu wakikikariri kama ajabu bila kukitumia mezani. Ukikielewa, unaanza kuyatazama makaburi kabla ya kumtazama mnyama. Kwa makaburi ya jioni ile nilihitaji radi mbili ndani ya zamu moja, majeraha 6 kwa ustahimilivu wa 4. Radi moja ingemtosha endapo moja ya zile aina mbili zilizokuwemo ingekuwa tayari ni ya papo kwa papo, kwa maana basi radi yangu isingeongeza kitu. Mizunguko minne ya kusubiri kwangu ilikuwa kusubiri kitu kisicho sahihi. Nilikuwa natazama namba yake, na namba yake ilikuwa inasubiri kadi yangu.

Baada ya hapo mwalimu aliuliza swali ambalo binamu hakuwa na jibu lake papo hapo. Dubu aliyekuzwa akawa 5/5 na akala radi ya 3, mwisho wa zamu nyongeza ikimwisha anarudi 2/2 mwenye majeraha 3. Mbona hafi? Jibu liko kwenye hatua ya kusafisha mwisho wa zamu: majeraha yanafutwa na nyongeza za “mpaka mwisho wa zamu” zinaisha kwa wakati mmoja, kwa pigo moja. Hakuna upenyo wa Mkaguzi kumkuta mdogo na mwenye majeraha. Mwalimu alilifurahia sana jibu hilo, akasema kwenye fizikia angeadhibu mwanafunzi anayedai mambo mawili yanatokea kwa wakati uleule kabisa.

Ila hilo linamlinda kiumbe aliyekuzwa na uchawi wa zamu moja. Aliyekuzwa na kiumbe mwenzake hana ulinzi huo, na somo hilo lilinigharimu mchezo ninaoukumbuka kuliko yote.

Mimi nacheza nguva. Nimekulia kando ya ziwa, mama yangu ameuza sato Igogo, na nilipoona kwamba kuna kadi za viumbe wa majini sikutazama tena nyingine. Mkuu wa nguva ni Lord of Atlantis, mana 2, yeye ni 2/2. Nguva wengine wote wanapata +1/+1, na adui akiwa na ardhi ya Island hawezi kuwazuia. Nachezesha nakala zote 4 kati ya kadi 60, maana yake nina karibu asilimia 40 ya kumpata mmoja kwenye mkono wa kwanza wa kadi 7. Wakuu wakiwa wawili wanakuzana: kila mmoja anakuwa 3/3. Nguva mdogo wa 1/1 chini ya wakuu wawili naye ni 3/3.

Siku hiyo fundi simu alikuwa amebaki na uhai 12, hana kiumbe hata mmoja. Wakuu wangu wawili walimpiga, akabaki na 6. Kisha, kwa furaha, nikashusha nguva wadogo wawili. Meza yangu ikawa na 3/3 wanne. Nikamaliza zamu.

Fundi simu alitoa Pyroclasm, mana 2, inayomuumiza kila kiumbe kwa 2. Nguva wangu wote wakapata majeraha 2, wote wakasimama. Nilidhani amekosea hesabu, nikamwonea huruma. Kisha kwa mana moja iliyobaki akampiga radi mkuu mmoja.

Mkaguzi akapita. Mkuu wa kwanza ana majeraha 5, akaondoka. Mkaguzi akarudi kutazama upya. Mkuu wa pili hana tena wa kumkuza, ni 2/2 mwenye majeraha 2. Nguva wadogo wamebakiwa na mkuu mmoja, ni 2/2 wenye majeraha 2. Wote watatu wakaondoka kwa pamoja. Kadi mbili, mana tatu, viumbe wanne. Meza yangu ilibaki na ardhi tupu, mkono wangu ulikuwa mtupu, na nikashindwa zamu tano baadaye.

Nimeirudia hesabu ya siku ile mara nyingi, na kosa langu silioni kwenye zamu yake, naliona kwenye zamu yangu. Alikuwa na uhai 6. Wakuu wawili peke yao wanapiga 6. Wale wadogo niliowashusha wasingeweza kushambulia mpaka zamu iliyofuata, na zamu iliyofuata hawakuhitajika. Walikuwa wa pambo. Ningewaacha mkononi, Pyroclasm na radi zingewaua wakuu wawili, kadi mbili kwa kadi mbili, nami ningebaki na wawili wa kuanzia upya. Sasa kabla sijashusha kiumbe najiuliza swali moja tu: akikaa hapa, ushindi unakuja mapema zaidi? Kama hauji mapema, anabaki mkononi.

Hapa naomba niwe mkweli kwa hoja yangu mwenyewe. Baada ya visa viwili hivi niliamini kwamba kila kitu kwenye mchezo huu ni wakati, nani katangulia, Mkaguzi kapita lini. Kisha nikakutana na chura. Turn to Frog ni kadi ya papo kwa papo, mana 2. Kiumbe anapoteza vipaji vyake vyote na anakuwa chura wa bluu, 1/1, mpaka mwisho wa zamu. Mwalimu alinishambulia na dubu, nikamzuia kwa nguva wa 3/3, akatoa Giant Growth. Nikawaza kwa ujanja niliojifunza: niache imkuze kwanza, kisha nimgeuze chura, ukubwa wote upotee. Nikafanya hivyo. Chura akawa 4/4, akamuua nguva wangu.

Sababu yake iko kwenye sheria ya 613, na hiyo haijali nani katangulia. Inapohesabu ukubwa wa kiumbe, mchezo kwanza unaweka namba za msingi, kisha unaongeza nyongeza. Chura anaweka msingi kuwa 1/1. Giant Growth ni nyongeza ya 3. Utangulize lipi, jumla ni 4/4. Ni kama bei ya kopi dukani kwangu: nikibadilisha bei ya ukurasa, mteja aliyeomba kujalidiwa bado anaongeza hela ya jalada, hata kama jalada aliliomba asubuhi na bei nimeibadilisha mchana. Kwa hiyo chura hafai kumpigia kiumbe aliyekuzwa. Anafaa kumpigia kiumbe ambaye ukubwa wake ni kipaji chake mwenyewe. Tarmogoyf akiwa chura ni 1/1, kwa sababu ile sentensi inayohesabu makaburi ameipoteza. Na ukimpiga mkuu wa nguva baada ya nguva wake kuumia, unawaangusha wote bila kumgusa hata mmoja wao. Fundi simu alilitambua hilo wiki hiyohiyo na kuniomba nimchapie nakala mbili. Nilimchapia.

Kati ya viumbe wote tulionao, ninayemheshimu kuliko wengine ni panya. Typhoid Rats, mana moja nyeusi, 1/1, ila ana mguso wa kifo: jeraha lake lolote, hata la 1, linatosha kumwangamiza kiumbe. Wanaoanza wanamtuma kushambulia. Panya kazi yake ni kukaa amesimama. Mwenzako akiwa na jitu la 6/6 alilolilipia mana 6, halitoki kushambulia, maana litazuiwa na panya wa mana moja na wote wawili watakufa. Nimeona panya mmoja akizuia mashambulizi zamu nane mfululizo bila kupigana hata mara moja. Kipaji hicho kikikutana na kile cha kukanyaga, yaani mashambulizi yanayozidi yanapita mpaka kwa mchezaji, kinakuwa kikatili: kiumbe wa nguvu 5 mwenye vyote viwili akizuiwa na jitu la 8/8 anatenga 1 tu kwa jitu, kwa kuwa 1 inahesabiwa kuwa ya kuua, na 4 zinamfikia mchezaji. Mmoja anayemkatalia panya ni kiumbe asiyeangamizwa. Huyo naye ana mlango wake wa nyuma. Ukimpunguza namba ya kustahimili mpaka 0, Mkaguzi anampeleka kaburini bila kumwangamiza, na kinga yake inahusu kuangamizwa tu.

Sheria hizi hazikushuka zikiwa zimekamilika. Rundo lenyewe lililetwa mwaka 1999. Kabla yake kulikuwa na utaratibu mwingine uliochosha kueleza. Kuanzia hapo mpaka 2009 hata majeraha ya vita yaliingia kwenye rundo. Mogg Fanatic, kiumbe wa 1/1 unayeweza kumtoa sadaka ili aumize kwa 1, aliweza kuacha pigo lake la vita kwenye rundo, kisha akajitoa sadaka, akaumiza mara mbili. Binamu analikumbuka jambo hilo kutoka kwa waliomfundisha na anasema mchezo ulipoteza utamu. Mimi naona marekebisho ya 2009 yalikuwa sahihi. Pigo la mtu ambaye hayupo tena uwanjani linahitaji maelezo marefu mno kwa mgeni, na sasa mwenye kiumbe kama huyo analazimika kuchagua: apigane au ajitoe. Uchaguzi mgumu ni bora kuliko faida ya bure.

Novemba 2024 yakaja mengine, nayo niliyapokea kwa mikono miwili. Zamani mshambuliaji akizuiwa na viumbe wawili, alilazimika kuwapanga foleni, huyu kwanza huyu pili, kabla ya majibu kutolewa. Mzuiaji akamkuza wa kwanza na mpango wote ukavunjika. Sasa mshambuliaji anagawa majeraha anavyotaka, wakati wa kuumiza unapofika. Kuzuia kwa wawili kumekuwa hatari zaidi. Nimeacha kuzuia kwa wawili dhidi ya mwalimu isipokuwa pale ambapo nikipoteza wote bado nasimama.

Mwezi uliopita mvua ya ziwani ilitukuta usiku. Wanaoishi hapa wanaijua, inakuja na radi mfululizo kutoka upande wa maji. Mjomba alikwama dukani, hakuna kwenda ziwani hali ile, akaomba karatasi zangu. Alishajifunza kimyakimya kwa kutazama. Akacheza na fundi simu, nguva wangu mkononi mwake, sisi wengine tumesimama nyuma na tochi za simu.

Alifikisha wakuu wawili na wadogo wawili. Wadogo aliwashusha mapema, kabla ya wakuu, kwa hiyo wote walikuwa tayari kushambulia. Ardhi zake mbili za bluu zilikuwa zimesimama. Niliona mkononi mwake Counterspell, mana 2 za bluu, inayoupangua uchawi wowote ulio kwenye rundo. Moja tu.

Fundi simu akatoa Pyroclasm.

“Mjomba, una la kusema?”

Mjomba akaitazama meza. Kidole chake hakikuigusa ardhi hata moja. Nilitaka kusema kitu, binamu akanibana mkono. “Sina,” mjomba akasema. Nguva wote wanne wakala 2 kila mmoja, wakasimama. Fundi simu akalaza ardhi yake ya mwisho, akaweka Lightning Bolt juu ya mkuu wa kushoto.

“Kuna mwenye la kusema?”

Mjomba akalaza ardhi zake mbili, taratibu, moja baada ya nyingine, akaweka Counterspell juu ya ile radi.

Tukahesabu sote kwa pamoja. Angeipangua Pyroclasm, radi ingemchukua mkuu mmoja. Ameipangua radi, na Pyroclasm peke yake haikuua mtu. Wote wanne wako mezani, 3/3 wenye majeraha 2, na majeraha yanafutwa zamu ikiisha. Fundi simu alikuwa na uhai 10, mkono mtupu.

“Zamu yangu?” mjomba akauliza, akaanza kuinua ardhi zake.